Wataka kuigiza Mombasa ya kale? Tafuta ushahidi kwa simu yako, hatua kwa hatua

Naandika hii mara moja ili nikiulizwa tena niwe natuma tu linki. Kila msimu wa sherehe ukikaribia simu yangu haipumziki, kaka vipi, tunataka kuigiza Waswahili wa zamani tuvae nini, dada mwengine mwanafunzi wake kapewa kazi ya Zama za Kati hajui aanzie wapi, na kuna vijana wa Kisauni wao wataka kuwa wapiganaji wa Ulaya wenye deraya na panga. Maswali ni yale yale. Na makosa ni yale yale pia, mimi mwenyewe nshayafanya yote.

Nikupe moja langu ucheke kabla hatujaanza. Igizo letu la kwanza lilikuwa la Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, kuingia Mombasa, mwaka 1331. Tukapamba vizuri, tukaweka sinia ya kumkaribishia mgeni, muhogo wa nazi, mahindi ya kuchoma, na pilipili za kukolea. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja wa Mji wa Kale akaja mbele pole pole, akashika kipande cha muhogo, akaniuliza, "Mwanangu, huu ulifikaje hapa kabla ya Mreno?" Sikuwa na jibu. Muhogo, mahindi na pilipili kali zote asili yake ni Amerika, na Columbus amevuka 1492, kwa hiyo sinia yangu ilikuwa imechelewa miaka zaidi ya mia na hamsini, na mimi ndiye niliyekuwa mtafiti wa kundi!

Tangu siku ile nina maswali mawili kwa kila kitu: mwaka gani, na nani kaona? Kitu kisichojibu yote mawili hakipandi jukwaani.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

Simu yoyote inayofungua PDF. Bando, lakini si kubwa, ntakuonyesha jinsi ya kubana. Imeli moja ya kufungulia akaunti. Daftari la karatasi, ndio la karatasi, kwa sababu skrinshoti mia tatu kwenye galari hutazipata tena. Programu ya kutafsiri kwenye simu, maana vitu vingi viko kwa Kiingereza, Kifaransa, Kireno na Kiarabu. Ukiwa na maalim wa Kiarabu mtaani umeshinda programu zote.

Hatua ya 1: Chagua mwaka mmoja na mahali pamoja

Usiniambie "enzi za kale". Enzi za kale ni pana kama bahari. Watu wa Ulaya wakisema Zama za Kati wanamaanisha takriban mwaka 500 hadi 1500 hivi, kwetu pwani mpaka mzuri wa kutumia ni 1498, mwezi wa Aprili, Mreno Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa kisha akaenda Malindi. Kabla ya hapo ni dunia moja, baada ya hapo ni nyingine.

Hapa ndipo wengi wanaanguka na Fort Jesus. Kila mtu anaenda kupiga picha Ngomeni halafu anaandika "Zama za Kati". Ile ngome Wareno wameijenga kuanzia 1593 hadi 1596, ni nzuri, iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2011, lakini Ibn Battuta hakuiona wala babu wa babu yake Mreno aliyeijenga hakuwa amezaliwa. Ukitaka kuta za enzi zile panda matatu nenda Jumba la Mtwana pale Mtwapa, au fika Gedi ambako kuna kaburi lenye tarehe yake, 802 ya Hijria, yaani 1399.

Na ukikutana na mwaka wa Hijria usijumlishe 622 kichwa kichwa, mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11. Zidisha kwa 0.97 kisha ujumlishe 622, utakaribia sana. Jaribu na 802 uone.

Hatua ya 2: Jifunze majina ya zamani kabla ya kusachi

Hii ni hatua ndogo na watu wanairuka halafu wanalalamika hakuna kitu mtandaoni. Ukiandika Mombasa peke yake utaletewa hoteli. Wareno waliandika Mombaça, Malindi wakaiita Melinde, Kilwa wakaiita Quiloa. Vitabu vya Kiarabu utakuta Manbasa, na pwani yetu yaitwa nchi ya Zanj. Gedi pia huandikwa Gede. Andika jina la kale, ongeza mwaka au karne, na ukiwa na maneno mawili yanayokwenda pamoja yatie ndani ya alama za kunukuu yasitenganishwe. Ukimaliza ongeza filetype:pdf mwisho, mahoteli yatapotea yenyewe.

Hatua ya 3: Anza na shahidi aliyeona kwa macho

Wikipedia si haramu. Isome dakika kumi upate picha ya jumla, kisha shuka chini kabisa kwenye marejeo, hapo ndipo pa maana, chukua majina ya vitabu utoke.

Sasa fungua archive.org. Vitabu vilivyokwisha muda wa hakimiliki unavisoma bure bila akaunti, vipya zaidi unaazima kwa saa moja moja ukiwa na akaunti. Paswadi ya hapo isiwe ile ya imeli yako, Oktoba 2024 walivamiwa na taarifa za akaunti kama milioni 31 zikavuja.

Siri ya bando ni hii. Usidaunlodi PDF haraka haraka, kitabu cha kuskaniwa chaweza kula megabaiti makumi. Tafuta palipoandikwa FULL TEXT, hapo unapata maandishi matupu, mepesi sana, na unaweza kutafuta neno ndani yake. Yana makosa ya herufi kwa sababu mashine ndiyo iliyosoma, lakini ukishapata ukurasa wako rudi uangalie picha ya ukurasa huo mmoja tu.

Kwa Ibn Battuta, epuka tafsiri ya Kiingereza ya 1829 ya Samuel Lee, ile imetokana na muhtasari, si kitabu kizima. Tafuta ya Gibb, au ile ya Wafaransa Defrémery na Sanguinetti ya 1853 hadi 1858, ambayo ina Kiarabu na Kifaransa kwenye ukurasa mmoja, maalim wako ataipenda. Kwa safari ya da Gama tafuta tafsiri ya Ravenstein ya 1898.

Ukifika kwenye Mombasa ya Ibn Battuta soma pole pole kwa sababu maelezo ni mafupi mno, mwenyewe alilala usiku mmoja tu akaenda zake Kilwa. Lakini kila sentensi ni dhahabu. Anasema kuna ndizi na ndimu, kuna tunda wanaliita jammun, lafanana na zaituni na kokwa lake ni kama la zaituni ila ni tamu sana. We mtoto wa Mombasa hulijui hilo? Mimi nilisoma hapo nikaona zambarau moja kwa moja, zile za kukuacha ulimi umegeuka rangi. Watu hawalimi nafaka, yaletwa kutoka bara la Sawahil, wanakula ndizi na samaki. Misikiti ni ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Kila mlango wa msikiti una kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili, maji wanateka kwa chombo cha mti kilichotiwa kijiti chembamba cha dhiraa moja. Pembeni pamesawazishwa, anayeingia anaosha miguu kwanza, na mlangoni kuna kipande cha jamvi nene cha kufutia miguu. Na watu wanatembea miguu mitupu.

Hebu fikiria. Mlango, kisima, jamvi, miguu yenye maji. Ushapata jukwaa zima na hujanunua kitu.

Hatua ya 4: Picha, na hapa uwe mkali

Pinterest na video fupi zimeua watu. Picha yoyote isiyo na jina la makumbusho na namba ya kitu ichukulie kama uvumi. Siku hizi kuna na za AI, mtu kavaa kilemba cha kupendeza nyuma yake msikiti una minara minne na vidole sita mkononi, na chini imeandikwa Mombasa 1300.

Mahali pa kweli pa kutafuta:

Gallica, ya maktaba ya taifa ya Ufaransa. Ni bure. Andika Arabe 5847 kwenye sehemu ya kutafutia. Ni Maqamat, kitabu cha visa cha al-Hariri, kilichochorwa na al-Wasiti mwaka 1237, na ndani kuna jahazi moja ambalo ukikuza picha waona mbao zimeshonwa kwa kamba, si misumari. Kama mtepe wetu ulivyokuwa ukishonwa kwa kamba za makumbi. Kumbuka tu hiyo ni kazi ya Iraki, si ya hapa, ni jirani kwenye bahari moja, itumie kama jirani.

Makumbusho ya Metropolitan ya New York, tangu 2017 picha zao nyingi ni ruhusa kudaunlodi na kuchapisha. Unachagua kipindi pembeni, kwa mfano 1000 hadi 1400.

Makumbusho ya Ashmolean ya Oxford, kwa nguo. Wana vipande vingi vya pamba ya India iliyopigwa chapa, vimeokotwa Misri, vyekundu na vya nili, vikiwemo vya Zama za Kati. Pamba ya Gujarat ilikuwa inauzwa bahari nzima hii, kwa hiyo ukitaka wazo la mauwa ya kitambaa ni afadhali hapo kuliko kubuni.

Hatua ya 5: Waulize waliochimba

Maandishi yanasahau, udongo hausahau sana. Fungua akaunti ya bure ya JSTOR, maktaba ya makala za wataalamu mtandaoni, waruhusiwa kusoma makala hadi 100 kwa mwezi kwenye skrini. Sachi majina ya magofu ya pwani, Shanga, Gedi, Kilwa, Songo Mnara, Mtwapa. Jarida la Azania limekuwa likitoka tangu 1966 na limejaa pwani yetu. Usisome makala nzima ukachoka, nenda kwenye picha na orodha ya vitu vilivyopatikana. Hapo ndipo nilipojua kuhusu vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, vya kusokotea uzi wa pamba. Nikamfanyia dada mmoja kimoja kutoka chungu kilichovunjika nyumbani, akakaa pembeni ya jukwaa anasokota, na watu walimtazama yeye kuliko mimi nilivyokuwa napiga kelele katikati.

Kwa majengo, Zamani Project ya Chuo Kikuu cha Cape Town wamepima Kilwa na Songo Mnara kwa mashine wakaweka picha za pande zote. Ni nzito, fungua ukiwa na wifi.

Usishangae mashahidi wakigombana. Ibn Battuta anasema nyumba za Kilwa ni za mbao, na waliochimba wamekuta msikiti mkubwa wa mawe na jumba la Husuni Kubwa, la mawe ya matumbawe tupu. Sasa nani mkweli? Jamaa alisimulia safari zake akiwa kesharudi Morocco, zikamalizika kuandikwa 1355, zaidi ya miaka ishirini baadaye. Wewe kwenye daftari andika wote wawili, usimnyamazishe mmoja kwa sababu mwengine amekufurahisha.

Hatua ya 6: Daftari

Chora safu nne. Kitu, mwaka, nani kaona, linki au ukurasa. Mfano wangu mmoja:

Jamvi la mlangoni. 1331. Ibn Battuta, Mombasa. Gibb, juzuu ya 2.

Leso (kanga). Karne ya 19. Imekataliwa.

Ndio, leso imekataliwa, na hapo dada zangu huwa wananikasirikia sana. Leso ya mauwa yenye pindo ni ya karne ya 19, haijafika 1331 hata kwa bahati mbaya. Nikitoka Biashara Street na pamba nyeupe tupu mikono mitupu ya leso najua nyumbani nitasemwa.

Hatua ya 7: Nguo na chakula

Nguo kwanza. Mombasa Ibn Battuta hakueleza nguo, ila Mogadishu alipewa za kuvaa, kitambaa cha hariri cha kujifunga kiunoni badala ya suruali, nguo ya juu ya kitani cha Misri, joho lenye bitana, na kilemba cha Misri. Kosa la kawaida ni kundi zima kuvaa hivyo. Hizo ni nguo alizopewa mgeni msomi na mtawala wa mji! Mvuvi wako mpe shuka ya pamba ya kujifunga na miguu mitupu, mambo yaishe. Kwa wanawake shahidi wa karibu ni Mreno Duarte Barbosa mwanzo wa karne ya 16, yeye asema wanawake wa Mombasa walikuwa wakijipamba kwa hariri na dhahabu nyingi. Amechelewa kidogo kuliko 1331, kwa hiyo andika hivyo kwenye daftari, usimpandishe umri.

Ukienda kwa fundi mwambie kabisa hakuna zipu, hakuna vifungo vya plastiki, na poliesta haipandi, na mishono inayoonekana nje aipitishe kwa mkono. Ndani apige cherehani, hakuna atakayekufunua. Fundi wangu alidhani nimechanganyikiwa nilipomlipa zaidi kwa kazi ya polepole.

Chakula ni rahisi na ndipo raha ilipo. Mogadishu walimlisha wali wa samli juu ya sinia ya mbao, mchuzi wa kuku na nyama na samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Soma tena hiyo orodha. Achari ya ndimu kwa wali, ni chakula cha Ijumaa hicho! Lakini uangalie mtego, anataja vichala vya pilipili vilivyowekwa kwenye siki na chumvi. Akili yako inaenda kwa pilipili kali moja kwa moja. Kiarabu ni fulful, na kwa mwaka ule hiyo ni pilipili manga, ile inayokua kwa vichala. Pilipili kali iko Amerika bado, wala hakuna aliyevuka.

Kwa ufupi toa kwenye sinia mahindi, muhogo, nyanya, viazi, pilipili kali na hoho. Bakisha ndizi, samaki, wali, samli, ndimu, tangawizi, maembe, zambarau.

Wa Kisauni, wenye deraya

Sijawasahau. Njia ni ile ile, mashahidi ndio tofauti. Chuo cha Fordham kina mkusanyiko wa maandiko ya Zama za Kati ya Ulaya uliowekwa mtandaoni tangu 1996, bure, kwa Kiingereza. Kwa picha tafuta Manuscript Miniatures, waweza kuchagua mwaka na nchi ukaona wapiganaji walivyochorwa na watu wa wakati wao. Kundi la SCA (Society for Creative Anachronism), la watu wanaoigiza Zama za Kati, lilianza California 1966 na wanachama wake wamejaza mtandao na maelezo ya kushona na kupika, ni wazuri kwa ufundi, ila jina lao lenyewe lakiri kuwa wanabuni kidogo, kwa hiyo kila walichosema kirudishe kwenye kitabu. Na deraya kwa jua la Mombasa saa saba mchana, shauri yenu, chukueni maji.

Ikikwama

*Makala yataka pesa.* Usilipe. Tafuta jina la mwandishi, mwandikie imeli fupi ya heshima umuombe nakala. Wengi hutuma. Niliwahi kujibiwa usiku huo huo na salamu za Kiswahili juu.

*Linki imekufa.* Ikopi, nenda web.archive.org, ibandike. Mara nyingi kuna nakala ya zamani.

*Hati ya British Library haifunguki.* Walishambuliwa mtandaoni Oktoba 2023 na mambo mengi yalilala muda mrefu. Angalia kama maktaba nyingine ina nakala au picha ya hati hiyo hiyo.

*Kitabu kimefungwa kwa nchi yako.* HathiTrust, maktaba ya mtandaoni ya Marekani, hufanya hivyo sana, kuna vilivyo wazi kwa walioko Marekani tu. Tafuta jina lile lile Archive au Gallica.

*Nimepata hati za Kiswahili SOAS, kile chuo cha London, si ndio za kale zaidi?* Ni nzuri mno lakini angalia tarehe. Utendi wa Tambuka, ambao ni katika hati kongwe tulizonazo, ni wa 1728. Usimtie Ibn Battuta mdomoni beti za miaka mia nne baadaye.

*Tafsiri ya simu imetoa upuuzi.* Kata sentensi ndefu vipande vipande. Ikishindikana, maalim.

*Vyanzo viwili vyasema tofauti, na onyesho ni kesho.* Chukua kilicho karibu zaidi na mwaka wako na mji wako, na mtangazaji aseme wazi kuwa kuna kauli nyingine.

Moja mimi mwenyewe halijaniishia. Kile chombo cha kutekea maji, cha mti, na kijiti cha dhiraa moja. Mara ya kwanza kusoma nikasema hii si kata tu, nikachukua ya bibi, kifuu cha nazi na mpini wake. Mpini nimeupima kwa mkono wangu, kiwiko hadi ncha ya kidole, umetimia sawasawa. Lakini Ibn Battuta asema mti, hakusema kifuu. Seremala wa Majengo kanichongea kingine cha mbao, kizito, chavuja, na kila tukifanya mazoezi watu wanakishika kile cha bibi. Mwenye picha ya kata ya mbao ya zamani, yenye jina la makumbusho na namba, anitumie.